Hadithi si uongo: wakimbizi, vitabu vya kubuni na somo la msamaha

 Leo tunaongea juu ya vitabu vya hadithi na imani.

Kuko wazazi wetu ambao wakikuta kijana anasoma riwaya kwenye simu wanasemaka: "Weka huo uongo, chukua Biblia." Tunawaheshimu wazee wetu. Lakini ukifungua hiyo Biblia yenyewe, katika 2 Samweli 12, unakuta nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi, aliyechukua mke wa Uria na kumfanya huyo mume auawe vitani. Nathani haanzi kwa kumlaumu. Anamsimulia hadithi ya tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi anakasirika, anamhukumu yule tajiri, halafu anaambiwa kwamba tajiri ni yeye. Hayo maneno yangesemwa wazi wazi, pengine Nathani angepoteza kichwa. Na Yesu naye, Msamaria mwema wake ni hadithi. Hakuna anayeuliza yule mtu alizaliwa kijiji gani.

Kwa hiyo kutafuta somo la imani ndani ya hadithi si mchezo wa vijana wa leo. Historia yake ni ndefu, na wakimbizi wamo ndani yake.

Mwaka 1660 huko Uingereza, fundi wa masufuria aitwaye John Bunyan alikamatwa kwa kuhubiri bila ruhusa. Alikaa gerezani Bedford karibu miaka 12. Mwaka 1678 alitoa kitabu cha hadithi juu ya mtu anayekimbia mji wake uliohukumiwa kuangamia, mzigo mgongoni, akitafuta mji mwingine ambao hajawahi kuuona. Sisi tuliovuka Ruzizi na mabegi kichwani, huyo mtu hatuhitaji kuelezwa ni nani. Kitabu hicho kimetafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika, na Kiswahili kilikipata tangu karne ya 19.

Mfano unaotugusa zaidi ni wa Madagaska. Mwaka 1835 malkia Ranavalona wa Kwanza alipiga marufuku dini ya Kikristo kwa raia wake. Waliokamatwa waliuzwa utumwani, wengine waliuawa, na mwaka 1837 mama mmoja aitwaye Rasalama alichomwa mikuki. Waamini wakaanza kukutana usiku. Pamoja na Maandiko waliyoyaficha, walikuwa na hadithi ya Bunyan kwa Kimalagasi, na kabla haijapigwa chapa waliinakili kwa mkono. Mwaka 1838 mama Rafaravavy na wenzake wachache walitoroka kwa meli, wakafika Uingereza mwaka 1839. Hao walikuwa wakimbizi sawa na sisi. Watu ambao wangeweza kufa kwa sababu ya karatasi hawapotezi wino juu ya kitu cha kupitisha muda. Ile hadithi iliwapa majina ya kuita yale waliyoyapitia: bonde, mzigo, mto, lango.

Sasa tuje kwa hadithi ya lugha yetu wenyewe. Shaaban Robert alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafariki mwaka 1962. Alikuwa Mwislamu. Kitabu chake cha Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952, na mzizi wake uko katika hadithi za kale za Alfu Lela Ulela. Hakukiandika kwa ajili ya Wakristo, na tusimbatize kwa nguvu. Lakini Mkristo akikisoma, mara moja anamkumbuka Yusufu wa kitabu cha Mwanzo.

Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Wakifilisika anawagawia mali yake. Wivu unawala, na usiku mmoja safarini wanamtosa baharini. Jini aitwaye Huria, ambaye Adili aliwahi kumwokoa, anamtoa majini, anawageuza wale ndugu kuwa manyani, na anamwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku. Adili anapiga huku roho inamuuma, kisha anawalisha.

Hapo ndipo tunapokaa kila tukizungumzia kitabu hiki. Wengi wetu hapa tumetoka Kivu ya Kusini. Kati yetu kuko Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Wanyamulenge. Kila kabila lina makaburi yake. Hakuna asiyejua Gatumba, ile kambi karibu na mpaka ambako tarehe 13 Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa usiku. Kuna nyumba ambamo mjeledi bado unapigwa kila jioni, kwa maneno, mbele ya watoto. Na anayepiga naye anaumia, kama Adili.

Je, hadithi inatuambia tusamehe tu na yaishe? Angalieni vizuri. Adhabu ya Hasidi na Mwivu haikomi kwa sababu mtu fulani ametoa semina. Inakoma baada ya Adili kuitwa mbele ya mfalme Rai na kusimulia yote: walivyoishi, alivyowapa, walivyomtosa. Mfalme anasikiliza mpaka mwisho, ndipo anaomba waondolewe adhabu. Kwa Yusufu pia ni hivyo. Hakuwakumbatia ndugu zake siku ya kwanza walipofika Misri kutafuta chakula. Aliwajaribu kwanza, mpaka Yuda akakubali kubaki mtumwa badala ya Benyamini. Ndipo akalia, akasema yeye ni nani, na akataja wazi kwamba walimuuza.

Kwa hiyo somo tunalolichukua ni hili: msamaha unakuja nyuma ya ukweli uliosikilizwa. Kanisani tunaambiwaka samehe, na katika mafunzo ya amani tunaambiwaka tuishi pamoja. Ni sawa, tunakubali. Lakini kabla ya hapo nani amekaa kama Rai, akasikiliza mpaka mwisho? Nyie wa mashirika, hilo mnaweza kulifanya bila bajeti kubwa.

Tuseme na hili moja. Si kila kitabu kina Yesu aliyejificha ndani yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika kwenye karatasi za chooni riwaya tunayoijua kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Ndani yake alichukua mfano wa talanta wa Mathayo 25, akauweka mdomoni mwa wezi. Hakutaka kutufariji. Mkristo anayekisoma ajiulize kwa nini maneno matakatifu yanawafaa wezi vizuri hivyo. Swali hilo nalo ni somo la imani.

Basi, wapendwa, Adili na Nduguze ni kitabu kifupi, siku mbili kinaisha. Kisomeni na mtu wa kabila lingine. Mkifika pale kwenye mijeledi, simameni, na kila mmoja asimulie yake. Mwenzake asikatize.