Sayyida Salme: Ndoa, Hila na Penzi Lisilojibiwa

Kisa cha Sayyida Salme binti Said kimezoeleka kusimuliwa kama hadithi ya mahaba: binti wa Sultani wa Unguja anapendana na jirani yake, mfanyabiashara wa Kijerumani, anashika mimba, anatoroka, anabatizwa, anaolewa. Yote hayo yalitokea. Lakini katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, sura ya mahaba hayo ni fupi mno. Kalamu yake inatua zaidi kwa ndugu zake. Penzi la Heinrich Ruete lilijibiwa. Lililokosa jibu ni la Barghash.

Salme alizaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844. Mabinti wa jumba lile walifunzwa kusoma Kurani, kuandika hawakufunzwa. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao. Stadi hiyo ndiyo iliyomponza. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, Majid alirithi kiti cha Unguja, na mwaka 1859 Barghash alikula njama ya kumpindua. Wala njama huhitaji katibu. Barua zikaandikwa na Salme, msichana wa miaka 15, ambaye hapo awali alikuwa ameishi na mama yake nyumbani kwa Majid huyohuyo. Uasi ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe dada yake.

Kuondoka kwake nako kulikuwa hila, tena hila iliyojificha ndani ya mila. Ilikuwa Agosti 1866, usiku wa Mwaka, wakati wanawake wa mjini walipokwenda pwani kuoga mwaka. Salme naye akashuka pwani. Mashua ikamchukua hadi manowari ya Kiingereza Highflyer, iliyompeleka Aden. Huko, Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo.

Hapa niruhusiwe neno la kisarufi. Kwa desturi ya lugha yetu mume huoa, mke huolewa, na walii ndiye anayeoza. Kitenzi hiki cha tatu kinabeba ukoo mzima. Salme aliolewa bila ya kuozwa, na kwa waliobaki Unguja pengo hilo la kitenzi kimoja lilikuwa zito kuliko bahari aliyoivuka.

Ruete alifariki Hamburg Agosti 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Oktoba mwaka huohuo Majid naye alifariki. Kwa hiyo ndani ya miezi michache aliondokewa na mume aliyempenda na ndugu aliyemsamehe, na aliyeketi kitini sasa alikuwa Barghash, yule ambaye kwa ajili yake Salme alikuwa amemsaliti Majid. Kama deni la fadhila lina thamani yoyote, hapo ndipo lilipopasa kulipwa.

Mwaka 1875 Barghash alizuru London, na Salme akamfuata huko. Sir Bartle Frere akamshawishi asionane na ndugu yake, kwa ahadi kwamba serikali ingeshughulikia elimu ya watoto wake. Salme akakubali. Barghash alipokwisha kuondoka, aliambiwa kuwa watoto wake ni raia wa Ujerumani, hivyo Uingereza haihusiki. Mwaka 1885 zamu ikawa ya Bismarck: manowari za Kijerumani zilitia nanga Unguja, na Salme akaletwa baada yake, akidai urithi wake. Barghash alipokubali matakwa ya Wajerumani kuhusu bara, madai ya mwanamke huyu yaliwekwa kando. Alitembea katika mitaa ya mji, watu wakamsalimu. Ndugu yake hakumpokea.

Alirudi tena mwaka 1888. Barghash alikuwa amekwisha kufa tangu Machi, na aliyetawala ni ndugu mwingine, Khalifa. Naye hakumfungulia mlango.