Beki wa miaka 19 na mabao 18 ya Moscow

Najua nimekuwa kimya karibu miezi miwili, mnisamehe. Zamu za usiku zilinibana, nikitoka nalala, nikiamka narudi tena wodini. Leo nina mapumziko ya siku mbili, nimekaa dirishani na chai yangu ya tangawizi, naangalia watu wa Xiaobei wanavyokokota mizigo yao kuelekea kituo cha treni ya chini. Nataka tuongee historia kidogo. Ni historia ya michezo na mimi si mwanamichezo, lakini vumilieni, mtaona imeniingiaje.

Nina mdogo wangu wa kiume Dar, miaka 19, anacheza mpira wa magongo. Wengine mtashangaa kama mchezo huo bado upo kwetu. Upo. Yeye ni beki. Mwezi uliopita alinipigia simu ana furaha mpaka maneno yanagongana: amepata wakala! Wakala atampeleka Ulaya kufanya majaribio kwenye klabu zinazolipa mshahara. Kinachotakiwa ni dola 2,500 za maandalizi, na aache chuo mwaka huu huu, kwa sababu eti beki akifika miaka 21 bila kuonekana ndiyo basi tena.

"Dada, mimi niko tayari," akaniambia.

Hela ninayo. Niliiweka kwa ajili ya kumalizia paa la nyumba ya mama. Lakini kilichoninyima usingizi ni lile neno, tayari. Nani anajua kama kijana yuko tayari? Anapimwa kwa kipimo gani?

Hapa Xiaobei ukitaka nywele, suruali za jinzi, simu au vipuri vya pikipiki utapata kabla hujavuka barabara. Gongo la hoki nimezunguka jengo la Tianxiu ghorofa kwa ghorofa, hakuna hata muuzaji mmoja aliyenielewa. Nilichopata ni mzee. Mzee wa Kizanzibari, mfanyabiashara, huja kila msimu wa maonyesho ya Canton, na hula kwenye mgahawa wa halali ule ule ninaokula mimi pale mtaa wa Baohan. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mdogo wangu, akacheka. Kumbe ujanani alikuwa haondoki viwanja vya Mnazi Mmoja, magongo yalipokuwa magongo.

"Mwanangu," akasema, "fowadi utamjua siku moja. Beki anataka miaka. Fowadi akikosea mara tisa akafunga ya kumi, watu wanambeba. Beki akipatia mara tisa akakosea ya kumi, mmefungwa. Muulize mdogo wako amecheza na nani, si amecheza vipi."

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Na niliyoyasoma ndiyo haya.

Tuanze na jirani zetu Kenya. Magongo yaliletwa na Wahindi wa Punjab na Goa, watu wa reli, wa ofisini na wa maduka, na wakajenga klabu zao: Masingasinga wana Sikh Union yao, Wagoa wana zao, na mashindano kila mwaka. Mwishoni mwa 1947 timu ya India ilikuja kutembea Afrika Mashariki, na ndani yake alikuwamo Dhyan Chand mwenyewe, wakati huo ana miaka 42. Yaani vijana wa Nairobi walikuwa na ligi kali nyumbani, na wageni wakubwa wanakuja kuwafunga na kuwafundisha.

Humo ndimo alimozaliwa Avtar Singh Sohal, Nairobi, mwaka 1938. Alikuwa fulubeki. Siku hizo timu ilipangwa mabeki wawili tu nyuma, mbele yao hafubeki watatu, halafu mafowadi watano. Mabeki wawili! Ukipitwa wewe, amebaki mwenzako na kipa.

Sasa angalieni miaka. Mwaka 1956 Kenya ilipeleka timu ya magongo Olimpiki ya Melbourne, ikashika nafasi ya 10. Avtar alikuwa na miaka 18 na hakuwamo. Mwaka 1957, akiwa na 19, umri wa mdogo wangu, ndipo alipoanza kuichezea Kenya. Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Roma 1960, ana 22. Tokyo 1964 ana 26 ndiye nahodha, Kenya ina uhuru wa miezi kumi tu, na wakamaliza wa 6. Akawa nahodha tena Mexico 1968 na Munich 1972. Kitabu cha Guinness kilimwandika kwa mechi 167 za kimataifa. Na mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza kabisa pale Barcelona, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na Hispania 1-0, halafu ikafungwa na India 2-1 kwenye kugombea nafasi ya tatu. Wa nne duniani! Kenya hii hii ya jirani.

Kwa hiyo miaka 19 si umri mdogo wa kuanza. Ila kuanza kwake kulikuwa kuingia kwenye ngazi yenye vidato: klabu, kombe la klabu, timu za wageni, timu ya taifa, halafu Olimpiki. Hakuna kidato alichorushwa.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndugu zangu Watanzania mjikaze.

Mwaka 1980 Olimpiki ilikuwa Moscow. Marekani na wenzake waligoma kwa sababu ya Afghanistan, Kenya nayo ikagoma, na timu nyingi kubwa za magongo hazikwenda. Nafasi zikabaki wazi, Tanzania ikaingia. Tarehe 20 Julai mechi ya kwanza tukakutana na India. India 18, Tanzania 0. Hispania wakatufunga 12-0. Urusi ya Kisovieti 11-2. Poland 9-1. Kuba 4-0. Mechi tano za kundi, mabao 54 wavuni kwetu, sisi tumefunga 3. Kwenye mechi ya kugombea nafasi ya tano Kuba wakatufunga tena, 4-1. Timu zilikuwa sita, tukawa wa sita.

Nilipoona 18-0 nilicheka, nakiri. Halafu nikaacha, maana niliwafikiria mabeki. Fowadi wa timu iliyofungwa 18 anaweza kusimama katikati ya uwanja akaangalia mawingu. Beki anakimbia dakika 70, kila baada ya dakika nne hivi anageuka anaokota mpira wavuni. Na kesho kutwa anavaa tena jezi ya taifa anaingia. Mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe, unazidi gramu 150, na kwenye kona fupi unapigwa kuelekea kwako wewe uliyesimama mstarini na gongo mkononi. Wale hawakuwa waoga.

Kilichowakuta ni nini basi? Tangu Montreal 1976 magongo ya Olimpiki yanachezwa kwenye nyasi bandia, ambako mpira unakwenda kasi na haudundi ovyo. Viwanja vyetu vilikuwa vya nyasi za kawaida na udongo. Montreal yenyewe hatukwenda, tuligoma pamoja na Afrika nzima karibu kwa ajili ya New Zealand na raga yao Afrika Kusini. Na klabu zilizokuwa zikilea mchezo zilikuwa za Wahindi, ambao wengi waliondoka baada ya majengo kutaifishwa mwaka 1971. Ngazi ilikuwa imeng'oka vidato vya katikati, tukawaambia vijana warukie juu.

Mtasema ni ile kuitwa ghafla ndiyo iliyowaua. Na mimi nilidhani hivyo, mpaka nikakutana na habari ya Zimbabwe, Moscow hiyo hiyo. Mashindano ya magongo ya wanawake yalikuwa yanachezwa Olimpiki kwa mara ya kwanza, timu zikagoma, Zimbabwe iliyokuwa na uhuru tangu Aprili ikaalikwa wiki chache tu kabla. Wachezaji wote walikuwa Wazungu wa kule, wanatoka kazini, wamezoea nyasi za kawaida kama sisi. Wakachukua dhahabu bila kufungwa mechi! Tarehe 31 Julai waliifunga Austria 4-1 wakamaliza wa kwanza. Kweli wapinzani walipungua, lakini kwetu nako walipungua. Tofauti ni kwamba wale wanawake walikuwa na miaka mingi ya ligi na klabu nyuma yao, kwenye nchi iliyowapa wao viwanja na kuwanyima wengine. Simu ya ghafla iliwakuta wamejaa. Sisi ilitukuta nusu.

Na msiseme ni taifa letu. Moscow hiyo hiyo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha, na mpaka leo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizo nazo. Wao walikuwa wameshakimbia miaka na wakubwa wa dunia. Walijua wanakwenda kukutana na nini.

Sasa niseme lugha ya kazi yangu. Chuoni tulisoma kitabu cha Patricia Benner cha mwaka 1984, kinachoeleza muuguzi anavyopanda hatua tano, kuanzia mgeni wa kazi mpaka bingwa. Hatua ya tatu, ile ya kuiweza kazi, anasema huchukua miaka miwili au mitatu ya kufanya kazi ile ile. Nilikariri kwa ajili ya mtihani tu. Nikaja kuielewa huku ughaibuni, mwaka wangu wa kwanza, mahali nisipopataja. Usiku mmoja waliniachia wodi peke yangu, lugha sijaijua, mashine sijazizoea, nina cheti kizuri ukutani. Mgonjwa mmoja alianza kubadilika, na mimi nilikuwa naangalia dripu wakati tatizo lilikuwa kwenye pumzi. Dada mmoja wa usafi ndiye aliyeniita kwa mkono. Mgonjwa alipona. Mimi sikulala siku tatu. Mikono yangu ilijua kazi, macho ndiyo yalikuwa hayajajua pa kuangalia.

Nadhani beki ni hivyo hivyo. Hata kwa wale wa magongo ya barafuni. Nicklas Lidström wa Sweden alichaguliwa na Detroit mwaka 1989 akiwa na miaka 19, lakini walimwacha kwao Sweden miaka miwili zaidi, akaenda Marekani 1991. Tuzo yake ya kwanza ya beki bora wa ligi aliipata mwaka 2001, ana miaka 31, na akazipata saba. Huyu angemsikiliza wakala wa mdogo wangu angeambiwa kachelewa.

Basi nikampigia kijana. Sikumuuliza ana nguvu kiasi gani. Nilimuuliza: mwaka huu umecheza mechi ngapi na watu waliokuzidi? Akafikiri. "Nne, dada." Umecheza kwenye nyasi bandia mara ngapi? "Mara mbili." Timu yako ikifungwa bao la kwanza, wewe unafanya nini? Hapo akanyamaza, halafu akasema, "Napanda mbele kusaidia." Mzee wa Zanzibar nilipomsimulia alitikisa kichwa tu, akaendelea na wali wake.

Hela ya wakala sikutuma. Nilituma nauli ya basi kwenda Nairobi na ya kujikimu wakati wa likizo ya chuo, akaombe kufanya mazoezi na klabu za kule, zinazocheza ligi ya kweli. Alikasirika sana. Alimwambia mama kwamba mimi niko China nakula vizuri halafu namfungia njia. Wiki tatu hakupokea simu yangu. Iliniuma, kwa sababu inawezekana amekosa bahati na mimi ndiye niliyeizuia. Siwezi kuapa kwamba sivyo. Ninachojua ni kwamba sikutaka aokote mipira 18 wavuni mbele ya watu wasiomjua jina, halafu arudi aseme hana kipaji.

Juzi alfajiri, natoka zamu, nikakuta ujumbe wake. Yuko Nairobi. Amecheza mechi mbili za kirafiki, wamefungwa zote, moja 5-0. Hakuniomba radhi wala sikutegemea. Aliandika hivi: "Dada huko hakuna vikinga ugoko vizuri? Hawa wanapiga."

Nimeagiza jozi mbili kwa intaneti, zinafika kesho. Mzee anarudi Unguja Jumapili kupitia Nairobi, atazibeba.

Siku njema kutoka Xiaobei, tutaonana zamu zikiruhusu.