Waigizaji Wengi, Waandishi Wachache: Historia Fupi ya Tamasha la Drama la Shule za Kenya

Mjini Kenol barabara itokayo Thika hugawanyika. Mkono mmoja huelekea Maragua na Murang'a mjini, mwingine huenda Makutano, Sagana na Nyeri. Muhula wa kwanza wa kila mwaka njia hizi hupitisha mabasi ya shule yaliyojaa maleba, ngoma, mbao za mandhari na wanafunzi wanaokariri maneno yao mpaka lango la shule mwenyeji. Ni msimu wa tamasha la drama. Shule hushindana kwanza katika kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda ya Kati inayozikusanya Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Nyandarua na Kiambu. Zinazovuka hapo hukutana na za kanda nyingine katika fainali za taifa mwezi wa Aprili. Mwaka 2024 fainali hizo zilifanyika Embu, upande wa kusini-mashariki wa Mlima Kenya. Tamasha hili lilianza mwaka 1959 na linakaribia kutimiza miaka 70, na kila linaposifiwa hutajwa waigizaji, watangazaji na wanasiasa walioanzia jukwaani pake. Sifa hizo ni za haki, lakini zinaacha jambo kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, tamasha la drama ndilo darasa kubwa kuliko yote la uandishi wa kubuni ambalo Kenya imewahi kuwa nalo, kubwa kuliko muhtasari wowote wa somo la insha. Na darasa hilo limefanya nusu tu ya kazi yake, kwa sababu mtoto amepewa jukwaa huku kalamu ikibaki kwa mtu mzima.

Mwanzoni hakuna aliyelifikiria kuwa darasa la uandishi. Mwaka 1959 Kenya ilikuwa bado koloni, na mashindano ya drama ya shule yalikuwa ya Kiingereza: matamshi safi, mkao mzuri, michezo iliyoandikwa Ulaya. Mila hiyo ilikuwa imekwisha kuota mizizi katika shule kubwa. Pale Alliance, Kikuyu, kila mwaka uliandaliwa mchezo mmoja wa Shakespeare, na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma hapo kuanzia 1955 hadi 1958, ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi michezo hiyo ilivyokuwa sehemu ya kalenda ya shule. Mwanafunzi alifundishwa kusema maneno ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita, tena ayaseme bila kuongeza wala kupunguza. Uhuru ulipopatikana mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mabadiliko yaliletwa na kazi ya watu, na anayetajwa zaidi ni Wasambo Were, mkaguzi wa drama katika Wizara ya Elimu, ambaye katika miaka ya 1970 alilisukuma tamasha litoke katika michezo ya kuazimwa lije katika michezo ya Kikenya. Kiswahili kikapata nafasi yake. Ngoma za jadi zikatengenezwa upya kwa ajili ya jukwaa, mashairi na masimulizi yakafuata, na katika muongo wa 2010 filamu ikaongezwa.

Mabadiliko hayo yalizaa jambo ambalo wachache walilitabiri. Tamasha lilipoacha kutegemea michezo iliyokwisha kuchapishwa, kila shule iliyotaka kushindana ililazimika kuwa na mswada mpya. Nchi nzima, kila mwaka, kuanzia shule za msingi hadi vyuo, watu walianza kukaa chini na kuandika: tamthilia, shairi, hadithi ya kusimulia. Hakuna mchapishaji wa Nairobi aliyewahi kuagiza kazi nyingi kiasi hicho, wala shindano la fasihi lililofika katika vijiji vingi namna hiyo. Mitihani ya Kiswahili na Kiingereza inamtaka mtahiniwa aandike insha, lakini insha hiyo husomwa na mtahini mmoja halafu ikafungiwa. Mswada wa tamasha husikilizwa na ukumbi mzima. Ukichosha, watu huonyesha wamechoka, na ukigusa, mwandishi huona hapo hapo. Hakuna mazoezi ya uandishi yanayofunza haraka kama hayo, na yeyote anayepima thamani ya tamasha hili kwa vikombe peke yake anapima kitu kidogo.

Historia ya fasihi yetu inathibitisha kwamba jukwaa la mashindano humtoa mwandishi mapema. Katika Chuo Kikuu cha Makerere mabweni yalishindana kwa michezo ya Kiingereza, na ni katika mashindano hayo Ngũgĩ alipojaribu tamthilia zake fupi za kwanza akiwa bado mwanafunzi. Novemba 1962 The Black Hermit ilionyeshwa Kampala, naye hajamaliza masomo. Francis Imbuga alianza kutunga na kuigiza akiwa mwanafunzi Alliance, na mwaka 1976 akachapisha Betrayal in the City, tamthilia ambayo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Kenya vimeisoma kama kitabu teule. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia zake za kwanza akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wote hawa waliambiwa waandike kabla hawajawa mabingwa, na waliambiwa hivyo kwa sababu palikuwa na jukwaa lililosubiri maandishi yao. Vyuo navyo vilielewa kwamba jukwaa hilo lisibaki kwa wasomi. Makerere ilianzisha kikundi chake cha maonyesho ya kutembea mwaka 1965, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1974. Wanafunzi wa vikundi hivyo walizunguka mashuleni na katika kumbi za mitaa wakiigiza bila kiingilio. Hawakutafuta faida, walitaka mtoto wa shule ya mbali aone kwamba mchezo wa kuigiza ni kitu anachoweza kukifanya hata yeye.

Mfano wenye nguvu zaidi, hata hivyo, haukutoka chuoni wala shuleni. Mwaka 1976 wakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walifungua kituo cha elimu na utamaduni, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kisomo cha watu wazima kilichosimamiwa na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Tamthilia ilizaliwa kutokana na kisomo hicho. Mswada wa tamthilia hiyo, Ngaahika Ndeenda, ulipoletwa, wafanyakazi wa viwanda na wa mashamba ya chai waliusoma, wakausahihisha, wakasema hapa mzee hawezi kuongea hivi, hapa wimbo si huu, na waandishi wake wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, wakakubali. Wanakijiji wakajenga wenyewe jukwaa la wazi. Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 na leseni ikafutwa tarehe 16 Novemba. Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini tarehe 31 Desemba. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Historia hii husimuliwa kama kisa cha siasa, na ni kweli ni cha siasa. Lakini kwa mwalimu wa lugha kuna somo jingine. Watu waliokuwa wamejifunza kusoma juzi waliaminiwa kuhariri tamthilia, na wakaihariri vizuri. Iwapo mchumaji chai wa Limuru aliweza, sioni hoja ya kumwambia mwanafunzi wa kidato cha tatu kwamba hawezi.

Na bado ndivyo anavyoambiwa, ingawa si kwa maneno. Shule inayotaka kufika fainali hutafuta mtunzi na mwelekezi. Pengine ni mwalimu wake wa fasihi, mtu anayejitolea jioni na Jumamosi bila malipo ya ziada, na bila watu kama hao tamasha lisingekuwepo. Mara nyingi ni mtunzi wa kukodishwa. Shule yenye fedha humleta kutoka mbali, humlipa, hununua maleba mapya. Shule ya kutwa iliyo kando ya barabara kuu haina uwezo huo, na mara nyingi safari yake huishia katika kaunti. Wanafunzi huyapokea maneno yakiwa yamekamilika. Huyakariri kwa bidii inayostahili heshima, huyasema vizuri, hushangiliwa, na mwaka unaofuata huletewa mengine. Tumetoka kwenye maneno ya Shakespeare tukafika kwenye maneno ya mtunzi wa Nairobi au Kakamega. Ni hatua kubwa, wala siidharau. Ila msimamo wa mtoto mbele ya maneno hayo haujabadilika sana tangu 1959.

Kisa cha shule ya wasichana ya Butere kinaonyesha gharama ya hali hiyo kuliko kingine chochote. Mwaka 2013 tamthilia yao Shackles of Doom ilizuiwa kuingia fainali. Mahakama Kuu, chini ya Jaji David Majanja, ikaamuru iruhusiwe. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Echoes of War. Mahakama iliamuru tena wasichana waigize, lakini tarehe 10 Aprili, Nakuru, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani, na polisi wakatumia vitoa machozi katika eneo la mashindano. Tamthilia zote mbili ziliandikwa na Cleophas Malala, ambaye kufikia 2025 alikuwa seneta wa zamani wa Kakamega. Kuwazuia wasichana wale kulikuwa kosa, na mahakama ilisema hivyo mara mbili. Sanaa ya shule haina sababu ya kuogopa kutaja maovu ya nchi. Lakini walioizuia walipata kisingizio chepesi: kwamba maneno si ya wanafunzi, kwamba mwanasiasa anasema kupitia vinywa vya watoto. Nakikataa kisingizio hicho, maana mwigizaji ana haki ya kuigiza kazi ya yeyote. Hata hivyo kisingeweza hata kutamkwa kama mswada ungekuwa umeandikwa na wasichana wenyewe wa Butere. Kalamu ya mwanafunzi ni ngao ya tamasha pia.

Ulimwenguni kuna mahali ambapo mambo yamepangwa kinyume kabisa na kwetu. Chicago, Marekani, mwaka 1997 vijana wa sanaa walianzisha kikundi kisicho cha faida kilichoitwa Barrel of Monkeys, ambacho siku hizi kinaitwa Playmakers Laboratory. Waigizaji wake huingia katika shule za umma za jiji, hufundisha watoto kuandika hadithi za kubuni, kisha huzichukua hadithi hizo na kuzigeuza michezo. Mwisho wa mafunzo hurudi shuleni kuziigiza mbele ya watoto walioziandika, na nyingine huonyeshwa kwa watazamaji wa kawaida wa mjini. Kwao mtoto huandika na mtu mzima huigiza. Kwetu mtu mzima huandika na mtoto huigiza. Sisemi tuuvunje mpango wetu tuchukue wao. Wetu una upana ambao kikundi cha mji mmoja hakiwezi kuwa nao, na kumfunza mtoto kusimama mbele ya umati ni elimu kamili. Ninachosema ni kwamba wao wamethibitisha kitu tulichokuwa nacho Kamĩrĩĩthũ miaka 20 kabla yao: aliyeandika akiyaona maneno yake yakiheshimiwa jukwaani, ataandika tena.

Walimu wengi watapinga, na hoja zao ni za kweli. Watasema mswada wa mwanafunzi ni mchanga na utashindwa mapema. Huenda ukashindwa mwaka wa kwanza na wa pili. Lakini kwa nini tamasha la elimu lipime ukomavu wa mtunzi aliyelipwa na kuuita kipaji cha shule? Watasema mwalimu ana mitihani, ana mihula mifupi, hana muda wa kusahihisha rasimu tano. Muda huo tayari unatumika kukariri na kurekebisha. Kuanza kuandika muhula wa tatu wa mwaka uliotangulia kungetosha kupunguza shinikizo la muhula wa kwanza. Wengine watasema vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu teule vimekwisha kuziba pengo hili. Vikundi hivyo vina faida. Mwanafunzi aliyemwona Tunu wa Kigogo ya Pauline Kea akisimama mbele yake, au familia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, hujibu maswali ya fasihi kwa uhakika zaidi. Lakini huo ni ufafanuzi wa kitabu cha mtu mwingine. Haufundishi kuandika.

Na kwa upande huu wa Mlima Kenya hatuwezi kusema hatuna mifano ya waandishi. Mĩcere Mũgo alizaliwa Baricho, Kirinyaga, mwaka 1942, naye pamoja na Ngũgĩ waliandika tamthilia juu ya kesi iliyosikizwa Nyeri mwaka 1956, kesi ya Dedan Kĩmathi. Kwa Kiswahili tunaisoma kama Mzalendo Kimathi. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, aliandika Kifo Kisimani, nayo ikawa kitabu teule cha sekondari. Eneo hili limeipa Kenya tamthilia kubwa katika lugha tatu. Mwanafunzi wa Kenol hahitaji kutazama mbali kumwona mwandishi aliyetoka katika udongo huu.

Mtaala wa umilisi umefungua mlango. Gredi ya 10 ya kwanza iliingia shule za upili Januari 2026, na mojawapo ya njia tatu za masomo ni sanaa na sayansi ya michezo, ambamo sinema na maigizo vimo kama masomo, si kama burudani ya baada ya darasa. Kwa hiyo waandalizi wa tamasha wana sababu mpya ya kutenda. Mswada wa mwanafunzi upewe alama na tuzo yenye uzito sawa na ile ya tamthilia bora. Jina la mwanafunzi aliyeandika litangazwe jukwaani kabla ya pazia kufunguliwa. Maandishi yanayofika fainali yahifadhiwe na kuchapishwa, maana kazi nyingi za tangu 1959 hazikuwahi kuchapishwa na hazipatikani popote. Nawe mwalimu wa Kenol, Maragua, Sagana au Karatina unayepanga msimu ujao, usisubiri mwongozo kutoka wizarani: tangaza darasani muhula huu kwamba tamthilia ya shule itaandikwa na wanafunzi, na uwape tarehe ya kuleta rasimu ya kwanza.