Tarehe ya Enzi ya Tenpyō na Malkia Kōmyō

Enzi ya Tenpyō ilianza mwezi wa nane wa mwaka 729, Mfalme Shōmu akiwa katika mwaka wa sita wa utawala wake. Makao yake yalikuwa Heijō, mji ambao leo ni Nara, uliofanywa makao makuu mwaka 710. Kilicholeta jina jipya la enzi ni kobe. Fujiwara no Maro, mkuu wa mji, alimleta mbele ya mfalme kobe ambaye gamba lake lilikuwa na alama za maandishi, nayo yakasomwa kuwa bishara ya utukufu wa mfalme na amani ya miaka mia moja. Siku tano baada ya jina kutangazwa, dada yake Maro alitawazwa kuwa malkia. Huyo ndiye Kōmyō, na tarehe ya Tenpyō kwa sehemu kubwa ni tarehe yake.

Wengi huandika kwamba kazi zote za enzi hii ni za Shōmu. Shoku Nihongi, kumbukumbu ya serikali iliyokamilishwa mwaka 797, imesema vingine. Mahali inapotaja kifo cha malkia, inaeleza waziwazi kwamba kujengwa kwa hekalu la Tōdai-ji na mahekalu ya majimbo kulitokana na ushauri wake. Kumbukumbu hiyo haikuandikwa na watumishi wake, ila na maofisa wa mfalme mwingine, miongo kadhaa baada yake.

Nasaba yake ni hii. Fujiwara no Fuhito, mwanasheria mkubwa wa dola, alizaa wana wanne wa kiume, Muchimaro, Fusasaki, Umakai na Maro, na kila mmoja akaanzisha mlango wake katika ukoo. Binti yake Miyako aliolewa na Mfalme Monmu, na mwaka 701 akamzaa Shōmu. Mwaka huohuo mke mwingine wa Fuhito, Agata no Inukai no Michiyo, alimzaa Asukabehime, ndiye Kōmyō. Basi Kōmyō alikuwa mama mdogo wa Shōmu, na mwaka 716 akawa mkewe. Miyako baada ya kujifungua alipatwa na ugonjwa wa huzuni, na kwa zaidi ya miaka 30 hakumwona mwanawe. Walionana mwaka 737, baada ya mtawa Genbō kumtibu, na mahali walipokutanishwa ni katika nyumba ya Malkia Kōmyō.

Kabla yake, cheo cha malkia kilikuwa cha mabinti wa ukoo wa kifalme. Ili kumpa binti wa Fujiwara, tangazo la mfalme lilirudi nyuma hadi habari za kale za Mfalme Nintoku, ambaye mkewe alitoka katika ukoo wa Katsuragi. Aliyeweza kuzuia jambo hilo ni Mwanamfalme Nagaya, waziri mwenye nguvu kuliko wote. Mapema mwaka 729 alishtakiwa kwamba anajifunza uchawi ili kuiangusha dola. Askari wa Umakai waliizingira nyumba yake, naye akajiua, na mkewe na wanawe wakafa pamoja naye. Doa hili haliwezi kufutwa katika habari za ukoo wa Fujiwara, na mwandishi wa haki hawezi kulipita kimya.

Kuna kisa kilichofuata ambacho kinastahili kusimuliwa hata kama kinakatiza habari. Mwaka 738 watu wawili wa serikali walikaa kucheza go, mchezo wa kokoto nyeusi na nyeupe. Mmoja alikuwa Ōtomo no Komushi, aliyewahi kumtumikia Nagaya na kufadhiliwa naye. Mwenzake alikuwa mmoja wa wale waliopeleka mashtaka. Mazungumzo yakafika kwa Nagaya, Komushi akapandwa na hasira, akatoa upanga na kumuua. Shoku Nihongi, katika kusimulia ugomvi huo, inamwita aliyeuawa mtu aliyemsingizia Nagaya. Kwa neno hilo moja, dola ilikiri kwamba Nagaya hakuwa na hatia.

Kōmyō alipokwisha kupata cheo, alikitumia. Mwaka 730 ofisi yake ilianzisha nyumba ya dawa kwa wagonjwa maskini, na mapato ya ukoo wake ndiyo yaliyonunua mitishamba kila mwaka. Alikuwa pia na nyumba ya kuwahifadhi wasio na kitu na yatima. Mama yake alifariki mwaka 733, naye akamjengea Ukumbi wa Dhahabu wa Magharibi katika hekalu la Kōfuku-ji, ambamo iliwekwa sanamu ya Ashura yenye nyuso tatu na mikono sita, inayotazamwa hadi leo.

Chini ya ofisi yake palikuwa na waandishi walionakili sutra. Walilipwa kwa idadi ya karatasi, na makosa yalikatwa katika malipo yao. Genbō aliporudi kutoka China mwaka 735 na magombo zaidi ya 5,000, malkia aliagiza maandiko yote ya Ubuddha yanakiliwe kwa ajili ya roho za wazazi wake. Nakala hizo, zenye dua ya siku ya kwanza ya mwezi wa tano, mwaka 740, zilifikia magombo karibu 7,000.

Wazee wa Hokke-ji, hekalu la watawa wa kike lililosimama katika kiwanja cha nyumba ya Fuhito, walipokezana habari nyingine. Malkia aliweka nadhiri ya kuwaosha watu 1,000 kwa mikono yake katika nyumba ya mvuke. Wa mwisho alikuwa mwenye ukoma, mwili wake umejaa vidonda, akaomba malkia amnyonye usaha. Kōmyō alifanya hivyo bila kusita. Mara chumba kikajaa nuru na harufu nzuri, na yule mgonjwa akajidhihirisha kuwa ndiye Buddha Ashuku. Habari hii iliandikwa karne nyingi baadaye, na wana wa hekalu wanaishika.

Mwaka 735 ndui iliingia kupitia Kyushu, na mwaka 737 ikafika Nara. Mashamba yalibaki bila wakulima na ofisi za serikali zikafungwa. Kati ya mwezi wa nne na wa nane wa mwaka huo, Fusasaki, Maro, Muchimaro na Umakai walikufa wote. Madaraka yakaenda kwa Tachibana no Moroe, ndugu ya Kōmyō kwa mama. Mwana wa Umakai, Hirotsugu, alikataa, akaasi huko Kyushu mwaka 740 na kushindwa na jeshi la watu 17,000.

Wakati wa uasi huo Shōmu aliondoka Nara. Kwa miaka mitano alihama kati ya Kuni, Shigaraki na Naniwa, akirudi mwaka 745. Katika kuhama huko ndipo amri mbili kubwa zilipotolewa. Mwaka 741 kila jimbo liliagizwa kujenga mnara wa ghorofa saba, hekalu la watawa 20 wa kiume na jingine la watawa 10 wa kike. Mwaka 743 ilitoka amri ya kusubu sanamu ya Buddha Vairocana, na mfalme akasema hata mtu mwenye jani moja la nyasi au konzi ya udongo apokewe.

Aliyewakusanya watu hao ni Gyōki, mtawa aliyejenga madaraja na mabwawa. Mwaka 717 serikali ilimkemea kwa kuwahubiria watu njiani. Mwaka 745 ikampa cheo cha juu kabisa cha watawa. Fundi mkuu wa sanamu alikuwa Kuninaka no Kimimaro, mjukuu wa mhamiaji kutoka Paekche.

Kazi ya kusubu shaba ilianza Nara, katika hekalu la Tōdai-ji, mwaka 747, ikaenda kwa hatua nane hadi 749. Dhahabu ya kuipaka ilikosekana, kisha mwaka huo ikapatikana katika jimbo la Mutsu. Shōmu alisimama mbele ya sanamu, akaelekea kaskazini kama mtumishi mbele ya bwana, akajiita mtumwa wa Hazina Tatu za Ubuddha. Kisha akamwachia kiti binti aliyemzaa na Kōmyō, Malkia Kōken. Miungu ya kale haikusahauliwa: Hachiman wa Usa aliahidi msaada wake, na kuhani wake, mtawa wa kike, aliletwa Nara katika machela ya zambarau.

Macho ya sanamu yalifunguliwa mwezi wa nne wa mwaka 752. Mtawa Bodhisena kutoka India alishika brashi ya kuyachora, na kamba zilizofungwa humo zikashikwa na waliohudhuria ili wote washiriki. Mwaka 754 Ganjin, mtawa wa China aliyepofuka katika safari zake za kuja Japani, aliwapa Shōmu, Kōmyō na Kōken viapo vya dini hapohapo Tōdai-ji.

Shōmu alifariki mwaka 756. Siku ya 49 Kōmyō alitoa kwa Buddha vitu zaidi ya 600 alivyovitumia mumewe, vikawekwa katika ghala la Shōsōin. Alitoa pia dawa aina 60, akaagiza wagonjwa wapewe. Humo umo mwandiko wake wa mwaka 744, aliotia saini si kama malkia bali kama binti wa tatu wa Fujiwara.

Alifariki mwaka 760, akazikwa Saho karibu na mumewe. Jina Tenpyō liliendelea ndani ya majina ya enzi zilizofuata hadi mwaka 767, Kōken akiwa amerudi kutawala kwa jina la Shōtoku. Sanamu ya Vairocana iliungua mwaka 1180 na 1567, ikatengenezwa tena. Sehemu za kiti chake cha yungiyungi ni za shaba ileile ya kwanza.