Kiingereza cha kila siku: Fasili nyepesi na sentensi ya nyumbani zinavyomfaa mwanafunzi wa Ndhiwa

MTOTO anayezaliwa Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay, aghalabu hunena Dholuo kabla ya lugha nyingine yoyote. Kiswahili hukutana nacho sokoni, redioni na darasani. Kiingereza humngoja shuleni, na kuanzia Gredi ya Nne ndicho lugha ya kufundishia takriban masomo yote. Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili, na karatasi nyingi zinazofika bomani, kuanzia kadi ya kliniki hadi mkataba wa miwa, zimeandikwa kwacho.

Njia iliyozoeleka ya kujifunza msamiati wake ni tafsiri: neno moja la Kiingereza kwa neno moja la Kiswahili au la Dholuo. Kwa majina ya vitu vinavyoonekana, kama jembe, ng'ombe au kisima, njia hiyo haina kasoro kubwa. Tatizo huzuka pale ambapo lugha hizi hazikuugawanya ulimwengu kwa namna moja.

Chukua vitenzi "borrow" na "lend". Kiswahili hutumia kuazima kwa pande zote mbili: aliyetwaa jembe la jirani ameliazima, na anayeliomba husema "niazime jembe". Dholuo nacho kina kitenzi kimoja, holo, kwa anayetoa na anayepokea. Ni katika masuala ya fedha ambapo Kiswahili hutenganisha waziwazi kukopa na kukopesha. Mwanafunzi aliyekariri kwamba "borrow" ni kuazima ataandika bila wasiwasi, "My neighbour borrowed me a hoe," na mwalimu atapiga mstari mwekundu. Kosa hilo halitokani na uvivu. Limo ndani ya tafsiri yenyewe.

Fasili nyepesi huliondoa. "To borrow is to take something that belongs to another person, use it and give it back." Kisha mfano: "Akinyi borrowed a hoe from her neighbour." Upande wa pili: "To lend is to let another person use something that is yours." Mfano: "The neighbour lent the hoe to Akinyi." Jembe ni lile lile na majirani ni wale wale. Kilichobadilika ni mwelekeo wa jembe, na vihusishi "from" na "to" ndivyo vinavyouonyesha. Yafaa sentensi hizo zijifunzwe pamoja, kama pacha.

Kitenzi "hear" kina mtego wa aina hiyo hiyo. Mswahili husikia sauti, husikia njaa na husikia baridi; Mjaluo hutumia winjo kwa kusikia na hata kwa kuelewa. Fasili isemayo "To hear is to notice a sound with your ears" inamkumbusha mwanafunzi kwamba njaa haina nafasi hapo, kwani masikio yametajwa. Vivyo hivyo mguu, au tielo kwa Dholuo, huanzia pajani hadi vidoleni, ilhali Kiingereza hutenga "leg" na "foot". Anayemwambia daktari "leg" huku jeraha likiwa kwenye wayo huenda akapimwa goti kwanza.

Wazo la kufafanua maneno kwa msamiati mdogo lina historia ndefu. Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi Bengal, alichapisha mwaka wa 1935 pamoja na James Endicott kamusi ambayo fasili zake zote zilijengwa kwa maneno 1,490. A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japan, alitayarisha pamoja na wenzake kamusi ya wanafunzi iliyotoka Tokyo mwaka wa 1942, na Oxford ikaichapisha upya mwaka wa 1948. Longman ilitoa yake mwaka wa 1978 kwa kutumia takriban maneno 2,000 ya kufasili. Cobuild, mwaka wa 1987, ikaandika fasili kama sentensi kamili, jinsi mwalimu anavyozungumza darasani.

Hata hivyo, kamusi iliyotungwa ng'ambo haiwezi kumtungia mwanafunzi wa Kanyamwa au Kabuoch mifano ya kwao. Sentensi ya theluji humwongezea fumbo la pili kabla hajafumbua la kwanza. Miwa, kinyume chake, anaijua. Ndhiwa ina kiwanda cha Sukari Industries, na SonySugar iko Awendo katika kaunti jirani ya Migori. Mkulima wa mkataba huweza kupewa mbolea na kulimiwa shamba kwanza, kisha gharama hizo zikakatwa kwenye malipo ya mavuno. Hapo neno "deduct" ni la lazima: "To deduct is to take away a part of an amount of money." Mfano: "The cost of fertiliser was deducted from his payment."

Katika karatasi hiyo hiyo huenda kukawa na "net". Mtoto anaijua neti ya mbu na wavu wa samaki, na anayemsomea babu yake stakabadhi anaweza kukwama hapo. "Net pay is the money that remains after everything has been deducted." Babu akitajiwa kiasi cha "gross" badala yake, ataahidi karo kwa pesa ambazo hatazipokea.

Anayejiandalia daftari la msamiati azingatie kwamba maneno ya fasili lazima yawe mepesi kuliko neno linalofasiliwa. "Harvesting is when you harvest" haimfunzi mtu lolote. Mfano nao ufichue maana. "Otieno has a sickle" ni sentensi sahihi ila ni bubu, kwa kuwa Otieno angeweza kuwa na kiti au kuku. "Otieno cut the grass with a sickle" inaonyesha kazi ya mundu. Neno lenye maana mbili lipewe sentensi mbili.

Tafsiri haifai kutupwa. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya 1996 na kamusi za Dholuo na Kiingereza za Asenath Bole Odaga hubaki msaada mkubwa, hasa kwa majina ya mimea na wanyama. Baada ya wiki moja, mwanafunzi azibe neno kwa kidole, asome fasili peke yake, alitaje neno, kisha atunge sentensi mpya isiyokuwamo daftarini.