"Leta cheti cha babu": uzi kuhusu karatasi ambazo hazikuwahi kuandikwa

1/ Kila mjadala wa vitambulisho ukichemka hapa mtandaoni, lazima mtu aandike: "Kama wewe ni Mkenya halisi, leta cheti cha babu yako." Inasikika kama hoja nzito. Hebu tuangalie historia ya hicho cheti. Sitataja chama wala mwanasiasa. Twende pole pole.

2/ Usajili wa vizazi na vifo ulianza 1904, na waliolazimika kujiandikisha walikuwa Wazungu. 1906 wakaongezwa Wahindi. Sheria ambayo ndiyo msingi wa vyeti vyetu hadi leo ilianza kazi 1928. Na Mwafrika je? Alianza kuingizwa karibu na uhuru, wilaya moja baada ya nyingine, na ni 1971 ndipo usajili ukawa lazima nchi nzima.

3/ Sasa piga hesabu. Mzee aliyezaliwa kijijini 1950 ana miaka sabini na kitu. Siku alipozaliwa, hakuna sheria iliyomtaka baba yake aende kwa msajili. Familia haikukataa kumwandikisha. Hakuna aliyewauliza.

4/ Ndoa nazo? Tangu 1906 kulikuwa na sheria ya kusajili ndoa na talaka za Kiislamu. Waliofunga ndoa kanisani waliandikwa kwenye vitabu vya kanisa. Lakini ndoa ya kimila, ile ya mahari na wazee kushuhudia, ilikosa daftari la taifa mpaka Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipoagiza isajiliwe. Ukitafuta cheti cha ndoa cha nyanya aliyeolewa hivyo, unatafuta kitu ambacho hakuna ofisi iliyokitoa.

5/ Na si ati serikali ya kikoloni haikujua kuandika Waafrika. Ilijua sana, ikitaka kitu. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na kodi haikusanywi bila hesabu. Sheria ya kipande ikapitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16, alama za vidole, kwao wapi, mwajiri nani, mshahara ngapi, yote ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Aliandikwa kama kibarua na mlipa kodi. Kuzaliwa kwake na kufa kwake hakukuwa na daftari.

6/ Mwanamke ndiye alisahaulika kabisa. Kipande hakikumhusu, na kitambulisho cha taifa alianza kupewa 1978. Kwa hivyo anayekwambia "basi fuata upande wa mama" anakupeleka ukutani mapema zaidi.

7/ Mwaka huu nilifuata ukoo wa mama yangu kwa ajili ya somo la chuo. Mama ana cheti, alizaliwa baada ya 1971. Nyanya ana kitambulisho chenye mwaka wa kukadiria. Ukimuuliza alizaliwa lini anakujibu "njaa ya Mianga", ile njaa ya mihogo ya 1943. Baba yake yuko kwenye kitabu cha kanisa, lakini alibatizwa akiwa mtu mzima, na tarehe iliyoandikwa ni ya ubatizo. Zaidi ya hapo ni majina tu, tena yanajirudia, maana kwetu mtoto hupewa jina la babu. Hata ukipata "Kamau" kwenye orodha ya kodi, ni Kamau yupi?

8/ Na bado nilipoenda kuchukua kitambulisho changu, hakuna aliyeuliza habari za Kamau. Cheti changu, nakala za vitambulisho vya wazazi, sahihi ya chifu, basi. Pengo la karatasi tunalo karibu sote. Wanaoambiwa walizibe ni wachache.

9/ Ni akina nani? Wanubi, ambao wazee wao waliletwa kutoka Sudan kama wanajeshi wa Mwingereza na wakakaa Kibra. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ilisema Kenya ilikiuka haki ya watoto wao ya kuwa na uraia. Wakenya wa Kisomali, waliopigwa msasa kivyao 1989 na kupewa kadi ya ziada. Wamakonde, ambao 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi ndipo wakasikizwa.

10/ Sheria ilisemaje? Katiba ya 1963 ilimpa uraia aliyezaliwa Kenya ikiwa mzazi wake mmoja pia alizaliwa Kenya. Na kuzaliwa kwa mzazi huyo kungethibitishwaje bila daftari? Kwa neno la wazee. Neno hilo likatosha kwa jamii moja, kwa nyingine likatiliwa shaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inauliza tu kama baba au mama alikuwa raia siku uliyozaliwa. Babu hayumo.

11/ Februari 2025 ilitangazwa kwamba msasa wa ziada kwa kaunti za mpakani umefutwa, na wengi wakauliza: sasa nani atazuia wageni kununua vitambulisho? Ni swali halali, ufisadi upo. Lakini mwenye pesa za kununua kitambulisho hashindwi kununua mzee wa kumwapia. Anayekwama ni kijana maskini mwenye kusema ukweli, na bila kitambulisho hana kura, hana laini ya simu, hana kazi. Tuchuje, ila kipimo kiwe kimoja kutoka Mandera hadi Murang'a.

12/ La kufanya wewe: mtoto aandikishwe kabla ya miezi sita, baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa na mzunguko ni mrefu. Mtu akifia nyumbani, msiishie kwenye kibali cha mazishi, fuateni cheti cha kifo. Na kaa na nyanya yako uandike majina, vijiji, njaa na rika akiwa bado anakumbuka.

13/ Kisha siku mtu akikwambia "leta cheti cha babu", muulize kwa upole: wa kwako aliandikwa daftari gani?