Chumvi ya Eyasi na Safari Isiyo na Msaada

Katika nchi za mashariki ya Usukuma, ambamo Kimali imo, ilikuwapo zamani desturi ya kwenda kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi kutafuta chumvi. Misafara hiyo ilikuwa ya kiangazi, na mwaka 1938 H. S. Senior aliandika makala juu yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Naanza na wachukuzi wa chumvi kwa sababu swali linalowagombanisha leo watembeaji wa masafa marefu, yaani ni nani aliyekwenda kasi pasipo kusaidiwa, halikuzaliwa Ulaya wala Marekani. Lilikuwa swali la kila mtu aliyejitwika mzigo wake.

Watunzaji wa kumbukumbu za mwendo wa kasi huzigawa safari mafungu matatu. Katika la kwanza msafiri hupokewa njiani na watu wake, wakamlisha na kumchukulia vitu. La pili humruhusu kununua chakula dukani au kupokea vifurushi alivyotanguliza, mradi asipate kitu ambacho mpita njia mwingine asingeweza kukipata. La tatu ndilo kali: kila kitu hubebwa tangu hatua ya kwanza, isipokuwa maji ya njiani. Hivyo njia ya Appalachian huko Marekani ilipata mabingwa wawili. Jennifer Pharr Davis aliimaliza kwa siku 46 mwaka 2011 akihudumiwa na mumewe na wenzake, na Heather Anderson kwa siku 54 mwaka 2015 akijitegemea. Wala mmoja hakumfuta mwenzake.

Na tuipime safari iliyosifiwa sana. Henry Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akakatiza Usukuma, akafika Kagehyi, ufukoni mwa Ziwa Victoria, tarehe 27 Februari 1875. Alihesabu maili 720 kwa siku 103, na hesabu hiyo imeandikwa kwa jina lake. Lakini alianza safari na watu zaidi ya 300, waliochukua nguo, shanga, nyaya, na hata mashua yake, Lady Alice, iliyogawanywa vipande. Huyu ni wa fungu la kwanza, tena mbele kabisa.

Je, mpagazi mwenyewe? Ni rahisi kusema kwamba yeye ndiye aliyetembea bila msaada, nami niliwahi kufikiri hivyo. Mzigo wake aghalabu ulikuwa frasila mbili, karibu kilo 32, na juu yake mkeka na silaha. Hata hivyo alipewa posho, au kitambaa cha kununulia nafaka vijijini. Hongo ililipwa na mkuu wa msafara. Na wapagazi wengi wa Kinyamwezi na Kisukuma walifuatana na wake zao, waliobeba vyombo na kupika jioni. Basi mpagazi ni wa fungu la pili, na mkewe ndiye asiye na fungu, kwani hakuna aliyejali kumhesabu.

Kipimo kikali kilifikiwa nchini mwetu na Simon Mtuy. Februari 2006 alipanda na kushuka Kilimanjaro kwa muda uliozidi saa 9 kidogo, akibeba mwenyewe chakula, maji na nguo, ingawa tumbo lilimsumbua.

Wachukuzi wa chumvi wako karibu naye kuliko Stanley. Katika pori lisilo na soko, chakula cha kwenda na cha kurudi hutoka katika mfuko mmoja. Mzigo wa unga hupungua kila jioni, na mzigo wa chumvi huanza pale unga unapokaribia kwisha. Kukawia siku mbili ni kula akiba ya kurudia. Hapo mwendo wa haraka haukutafutwa kwa ajili ya sifa.

Yabaki maji. Kanuni huyaruhusu kwa kuwa ni ya mto, si ya mtu. Lakini katika nchi ya Simiyu mito mingi hukauka wakati wa kiangazi, na watu huchimba mchangani mpaka maji yaonekane. Msafiri apitaye alfajiri, akakuta shimo lililochimbwa jana na mchunga ng'ombe, akainama, akanywa, akashika njia, je, amesaidiwa? Kwa maandishi ya kanuni, hakusaidiwa. Mimi ningemwandika katika fungu la pili, na jina la mchunga ng'ombe, kama likijulikana, kando ya lake.